Kufuatilia chemchemi na vijito vilivyo jirani na mgodi: mwongozo kamili kwa vijiji vya Uganda

Uganda haina mgodi mkubwa wa makaa ya mawe kama ya Kiwira na Ngaka kule Tanzania, lakini kinachoharibu maji kwenye migodi ya makaa kipo hapa pia. Ni pairiti, jiwe linalong'aa kama dhahabu ambalo ndani yake chuma kimeshikana na salfa. Likiwa limelala chini ya ardhi halimdhuru mtu. Likichimbuliwa na kurundikwa, hewa na maji ya mvua hulila, bakteria huharakisha kazi, na kinachochuruzika ni asidi ya salfuriki iliyobeba chuma. Asidi hiyo huyeyusha na madini mengine inayoyakuta: shaba, kobalti, nikeli, zinki, manganizi, alumini. Huko Kilembe, wilayani Kasese, shaba ilichimbwa kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na marundo ya mabaki yake bado yako kandokando ya mto Nyamwamba. Mafuriko ya 2013 na ya 2020 yaliyamega na kuyasukuma bondeni, upande wa ziwa George.

Mwongozo huu ni wa kamati za maji, viongozi wa LC1 (baraza la kijiji), walimu na vijana walio tayari kupima maji mwezi hadi mwezi. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kungoja maji yabadilike rangi, kisha watu wakachanga fedha za kupeleka chupa moja maabara. Chupa moja haithibitishi kitu. Utaulizwa: kabla ya mgodi yalikuwaje? Na chemchemi zilizo mbali na mgodi zikoje? Kazi yote iliyoelezwa hapa imepangwa ili maswali hayo mawili yapate majibu kutoka kwenye daftari lenu.

Tembeeni kwanza

Kabla ya kununua kipimo chochote, zungukeni kilima chote pamoja na wazee na akina mama wanaoteka maji. Kila chemchemi, kijito, kisima na tundu la mgodi linalotoa maji lipewe namba ya kudumu (C1, C2, C3, na kadhalika), lipigwe picha, na mahali pake pasomwe kwa GPS ya simu. Waulizeni wenyeji: hukauka mwezi gani? Ilikauka kabisa mwaka gani? Ladha imebadilika? Andikeni majibu kama yalivyosemwa, pamoja na jina la chemchemi kwa lugha ya hapo, kwa sababu ramani za serikali mara nyingi hazina majina hayo.

Kisha chagueni. Vituo 6 hadi 10 vinatosha kikundi cha watu wanne. Kikundi kinachoanza na vituo 25 huchoka mwezi wa tatu. Angalau viwili kati yake viwe chemchemi za kulinganishia, yaani zilizo mahali ambapo mgodi hauwezi kuzifikia: bonde jingine, au juu ya machimbo. Ni lazima ziwe kwenye mwamba wa aina ileile na mwinuko unaokaribiana. Msilinganishe chemchemi ya mlima Rwenzori na kisima cha tambarare ya Bonde la Ufa. Chini kule, karibu na Katwe, ardhi yenyewe ina chumvi, na tofauti mtakayoiona haihusiani na mgodi hata kidogo.

Kwenye kijito wekeni vituo vitatu: juu ya mahali maji ya mgodi yanapoingilia, chini yake, na mbali zaidi bondeni. Kituo cha pili ndicho kinachokosewa. Maji ya mgodi yakishaingia, huambaa ukingo mmoja kwa makumi ya mita kabla ya kuchanganyika. Pimeni upitishaji umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka majini, ukingo wa kushoto, katikati na kulia. Namba zikikaribiana, hapo ndipo maji yamechanganyika, pigilieni kigingi.

Wingi wa maji: kipimo kinachosahaulika

Watu huogopa sumu, lakini mara nyingi dalili ya kwanza ya mgodi ni chemchemi kupungua. Mgodi wa chini ya ardhi hupampu maji ili wachimbaji wafanye kazi, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakielekea kwenye chemchemi. Bila kujua wingi wa maji, hata matokeo ya maabara hayasomeki vizuri, kama tutakavyoona mbele.

Chemchemi yenye bomba ni rahisi. Chukueni ndoo ambayo ujazo wake mmeuhakikisha wenyewe, kwa sababu ndoo ya "lita 10" ya dukani huweza kubeba 11. Ijazeni kwa chupa ya lita moja, chorea mstari wa lita 10 kwa rangi. Tega ndoo, hesabu sekunde kwa simu, rudia mara tatu, chukua wastani. Sekunde 25 kwa lita 10 ni lita 0.4 kwa sekunde, sawa na lita 24 kwa dakika. Ndoo ikijaa chini ya sekunde 5, tumieni chombo kikubwa zaidi, maana kosa la nusu sekunde tu tayari ni asilimia 10.

Angalieni mambo mawili. Chemchemi iliyojengewa ukuta ikiwa na mabomba mawili, pimeni yote na mjumlishe. Na maji yakivuja pembeni au chini ya ukuta, namba ya bombani itashuka ilhali chemchemi haijapungua. Zibeni uvujaji kwa udongo wa mfinyanzi siku moja kabla, au andikeni wazi kwamba unavuja.

Kijito kidogo hupimwa kwa ubao au bati lenye pengo la umbo la V la nyuzi 90, lililosimamishwa wima na kuzibwa pande zote kwa mfinyanzi. Makali ya pengo yawe membamba, na maji yadondoke huru upande wa chini bila kugusa nyuma ya bati. Pima kimo cha maji kutoka ncha ya chini ya V, lakini rula isimame karibu mita moja nyuma ya bati, upande maji yanakotoka. Ukipima pale pengoni penyewe utapata kimo kidogo kuliko halisi, kwa kuwa maji huinama yanapokaribia kudondoka. Sentimita 5 ni karibu lita 0.8 kwa sekunde, sentimita 10 ni lita 4.4, na sentimita 15 ni lita 12. Angalieni namba zinavyoruka: kosa la sentimita moja si dogo. Ondoeni mchanga uliojaa nyuma ya bati kila mara kabla ya kupima.

Mto usiozibika hupimwa kwa kuelea. Chagueni mita 10 zilizonyooka, tupeni chungwa katikati, hesabuni sekunde, rudieni mara tano. Pimeni upana na kina sehemu kadhaa ili mpate eneo la mkato. Zidisheni eneo kwa kasi, kisha kwa 0.8, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Kwenye mto wenye mawe mengi jibu ni la makadirio tu; liandikeni hivyo.

Kipimo cha mvua ni cha lazima, kisimame uwanjani mbali na miti na mapaa, na mtu mmoja akisome kila siku saa 3 asubuhi. Shule ya msingi iliyo karibu hufanya kazi hii vizuri kuliko kamati. Bila mvua hamtaweza kujibu hoja kwamba "ni ukame tu".

Vipimo vya papo hapo

Kipimo cha mkononi kinachosoma pH (kiwango cha asidi: chini ya 7 ni asidi), upitishaji umeme na jotoridi ndicho kifaa muhimu kuliko vyote. Kama fedha zinatosha kimoja tu, nunueni cha upitishaji umeme (EC). Sababu ni hii: asidi ikitoka mgodini ikakutana na mwamba wenye chokaa, huzimwa, na pH hubaki nzuri kwa miaka. Salfeti, chumvi inayotokana na asidi ya salfuriki, haizimwi. Inabaki majini na kupandisha EC. Kwa hiyo EC na salfeti hupanda mapema, na pH huanguka mwishoni, chokaa ikishaisha. Anayefuatilia pH peke yake huchelewa kujua.

Chemchemi za mlimani kwenye mwamba mgumu mara nyingi huwa na chumvi kidogo, EC chini ya 200 µS/cm. Ikiwa yenu ilikuwa 110 mwaka mzima na sasa inasoma 180, 210, 260 miezi mitatu mfululizo huku ya kulinganishia ikibaki palepale, hiyo ni habari, hata kama maji ni meupe na matamu.

Sawazisheni kipimo asubuhi ya siku ya kazi, si wiki iliyopita. Kwa pH tumieni myeyusho wa 7.00 kisha wa 4.00, kwa kuwa mnatafuta asidi. Kwa EC tumieni myeyusho wa 1413 µS/cm. Mimineni kidogo kwenye kikombe na mkishautumia muumwage. Kuurudisha chupani ni kuharibu chupa nzima. Ncha ya pH ihifadhiwe kwenye myeyusho wake wa kloridi ya potasiamu. Ikikauka, au ikilowekwa kwenye maji yaliyotoneshwa (maji yasiyo na chumvi, yaliyopatikana kwa kupoza mvuke), huchoka na kuanza kudanganya taratibu bila kuonyesha dalili.

Pimeni kwenye maji yanayotoka bombani au jichoni pa chemchemi, wala si kwenye jerikeni lililokaa. Maji ya ardhini hubeba hewa ya kaboni ambayo hutoroka ndani ya dakika chache, na pH hupanda. Kwenye maji yenye chumvi kidogo, ncha ya pH huchukua dakika tatu hadi tano kutulia. Asiye na subira huandika namba yoyote inayopita.

Hapa pana mtego uliowasumbua wengi. Chemchemi safi kabisa inaweza kusoma pH 5.8, na watu wakapiga kelele kwamba mgodi umefika. Jaza chupa nusu, funga, tikisa kwa nguvu, fungua, rudia mara kadhaa kwa dakika mbili, pima tena. pH ikipanda kwa nusu namba au zaidi, ile ilikuwa hewa ya kaboni. Ikikataa kupanda, au ikashuka zaidi, mna asidi ya madini.

Rangi nazo ziandikwe. Tope la rangi ya chungwa ni chuma, utando mweupe juu ya mawe ni alumini, kijani cha buluu ni shaba, weusi ni manganizi. Ila tope la chungwa hutokea pia kwenye majaruba na chemchemi za kawaida kwa sababu ya bakteria wa chuma, mara nyingi na utando unaong'aa kama mafuta. Uchokoeni kwa kijiti: ukivunjika vipande kama kioo, ni bakteria, ukijikusanya tena, ni mafuta ya mashine.

Sampuli za maabara

Maabara ni ghali, kwa hiyo pelekeni sampuli mara nne kwa mwaka: mwisho wa kiangazi, mvua za kwanza, katikati ya mvua, na mvua zikipungua. Mvua za kwanza, mnamo Machi na tena Agosti kwa Kasese, msizikose kamwe. Wakati wa kiangazi chumvi za madini huganda juu ya marundo kama ukoko mweupe au wa kijani, na manyunyu ya kwanza huuyeyusha wote kwa mkupuo. Anayechota wiki tatu baadaye huwa amekosa kilele.

Kila kituo kina chupa mbili za plastiki. Ya kwanza, mililita 250, ni ya metali zilizoyeyuka. Vuta maji kwa sirinji, yapitishe kwenye kichujio cha mikroni 0.45 moja kwa moja hadi chupani, ndipo utie asidi safi ya naitriki, karibu nusu mililita, mpaka karatasi ya pH ionyeshe chini ya 2. Mpangilio huu haugeuzwi. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, inayeyusha udongo ulio majini na maabara itakuletea chuma na alumini za kutisha ambazo hazikuwamo. Ombeni maabara iwape chupa zenye asidi tayari. Chupa hizo hazisuuzwi wala hazijazwi mpaka kumwagika. Asidi hii huunguza ngozi na kutoboa nguo: vaeni glavu na miwani, na mtoto asiiguse.

Chupa ya pili, nusu lita, ni ya salfeti, kloridi na uwezo wa maji kuzima asidi. Hii haitiwi kitu. Suuzeni mara tatu kwa maji ya chemchemi yenyewe, jazeni hadi mdomoni pasibaki hewa, wekeni kwenye boksi la barafu. Ifike maabara ndani ya saa 24. Palipo na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama Busia au Mubende, zebaki ina chupa yake ya kioo na matayarisho yake. Ulizeni maabara kabla ya kwenda.

Kwenye kijito, simameni mkitazama maji yanakotoka, choteni mbele ya mikono yenu, na anzeni kituo cha chini mkipanda juu ili msivuruge tope la kituo kinachofuata. Andikeni kwenye chupa kwa penseli au kalamu isiyofutika: namba ya kituo, tarehe, saa, jina la mchotaji, imechujwa au la. Katika kila sampuli kumi, moja iwe pacha, iliyochotwa mara mbili na kupewa namba tofauti maabara wasijue. Na chupa moja ijazwe maji yaliyotoneshwa, yapitie sirinji na kichujio kama mengine. Zinki ikionekana kwenye chupa hiyo, imetoka kwenye vifaa vyenu. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki nayo huchangia, kwa hiyo kwenye chemchemi yenye bomba la aina hiyo msikimbilie kulaumu mgodi kwa zinki pekee.

Ombeni vipimo vya salfeti, chuma, manganizi, alumini, shaba, zinki, nikeli, kobalti, aseniki, risasi na kadimi. Kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki, kinachotumika Uganda, kinaruhusu aseniki na risasi 0.01 mg kwa lita, kadimi 0.003, nikeli 0.02, manganizi 0.1, shaba 1.0 na salfeti 400. Hivyo ni vya kunywa. Samaki wachanga na mabuu wa mtoni huuawa na shaba kidogo sana kuliko hiyo, hasa maji yakiwa laini. Ndiyo maana inafaa pia kugeuza mawe kijitoni kila miezi mitatu, kwa dakika zilezile na mahali palepale, na kuhesabu aina za wadudu na kaa mnaowaona juu na chini ya mgodi.

Kusoma matokeo

Chukueni mfano wa C4. Mwezi wa kiangazi salfeti ni 180 mg kwa lita, maji lita 0.4 kwa sekunde. Zidisheni: 72 mg kwa sekunde, karibu kilo 6.2 kwa siku. Mvua zikaja, salfeti ikawa 90, na wote wakashukuru. Lakini maji sasa ni lita 1.2 kwa sekunde, yaani 108 mg kwa sekunde, kilo 9.3 kwa siku. Mgodi unatoa uchafu zaidi, mvua imeuzimua tu. Bila ile ndoo na saa msingelijua hilo.

Kwa wingi wa maji, msitazame chemchemi peke yake, tazameni uwiano. Ya kulinganishia ikishuka kutoka lita 24 hadi 18 kwa dakika wakati wa kiangazi, imepoteza robo. Iliyo jirani na mgodi ikishuka kutoka 20 hadi 6, imepoteza asilimia 70. Ukame uleule haukaushi upande mmoja tu wa kilima. Hata hivyo, kabla ya kuandika barua, pitieni sababu nyingine: shamba jipya la mikalitusi juu ya chemchemi, barabara iliyokatwa, maporomoko, tetemeko (eneo la Rwenzori hutetemeka, na chemchemi huhama njia). Kwa uchafu, angalieni mashine za kuosha kahawa: maji yake hunuka, huwa ya kahawia na hushusha pH, lakini hayaleti salfeti wala kobalti. Kwa Kilembe, kobalti na salfeti zikipanda pamoja ni kama alama ya kidole.

Chora grafu kwa mkono, miezi chini na namba pembeni, mstari wa chemchemi yenu na wa kulinganishia kwenye karatasi moja. Namba isiyoeleweka isifutwe. Zungushieni duara, rudini kupima ndani ya siku mbili.

Mkikuta tatizo

Kwanza watu. Kuchemsha hakuondoi metali. Maji yakipungua sufuriani, metali huzidi kukolea. Klorini nayo haisaidii. Kipimo cha aseniki, risasi au kadimi kikivuka kiwango kwenye sampuli mbili, chemchemi hiyo iachwe kwa kunywa na kupikia, bango liwekwe, na kaya zielekezwe kwenye chemchemi iliyopimwa.

Kisha barua, yenye kurasa mbili tu: ramani ya vituo, grafu, jedwali la namba, na jinsi mlivyopima. Ipelekeni kwa mwenyekiti wa LC1 aigonge muhuri, kisha kwa afisa wa maji na afisa wa mazingira wa wilaya, nakala kwa NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) na kwa ofisi ya kanda ya usimamizi wa maji. Kasese iko chini ya kanda ya Albert, yenye ofisi Fort Portal. Ombeni wachukue sampuli zao mkiwepo, nanyi mchukue pacha. Mgodi wenye kibali cha kumwaga maji machafu hutakiwa kujipima wenyewe, na ripoti hizo zinaweza kuombwa kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Ofisi ya serikali ina siku 21 za kujibu. Taja jina la hati, mwaka na kituo unachokitaka, kwa sababu ombi la "habari zote za mgodi" hurudishwa.

Daftari la asili lisitoke kijijini. Pigeni picha kila ukurasa siku ileile, mtume kwa watu watatu wanaoishi nyumba tofauti, na kila aliyepima aweke sahihi. Mgodi mpya ukitangazwa, anzeni mwezi huohuo: mnahitaji mwaka mzima wa namba, kiangazi na masika, kabla ya baruti ya kwanza kulipuka.